Rakim ndani ya "Guilty All the Same": ubeti wa mgeni ndio unaoubeba wimbo mzito wa Linkin Park

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mwezi Machi 2014 bendi ya roki ya Marekani, Linkin Park, walitoa "Guilty All the Same", singo ya kwanza kutoka kwenye albamu yao ya sita, The Hunting Party, wakimshirikisha rapa mkongwe Rakim. Wimbo huo ulipokewa kama ishara kwamba bendi inarudi kwenye magitaa makali baada ya A Thousand Suns ya 2010 na Living Things ya 2012, albamu zilizoegemea zaidi vinanda na mitambo ya kielektroniki. Hilo ni kweli na sina ubishi nalo. Ninachosikitikia ni kwamba katika mazungumzo yote hayo, mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kichwa cha wimbo amekuwa akitajwa kwa sentensi moja, kana kwamba alipita tu studio akaaga. Mimi naamini ubeti wake ndio unaoupa wimbo maana, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na swali ambalo lingepaswa kumjia kila anayeifahamu bendi hii. Linkin Park walikuwa na rapa wao. Mike Shinoda amekuwa akichana tangu Hybrid Theory ya 2000, na kupokezana kwake na mwimbaji Chester Bennington, mmoja akizungumza na mwingine akipasua koo, ndiko kulikowajengea jina duniani. Bendi ya namna hiyo haina upungufu wa rapa. Kwa hiyo inapomwalika rapa mwingine na Shinoda mwenyewe akakaa pembeni bila kuchana hata mstari mmoja, lazima tujiulize walikuwa wakitafuta kitu gani ambacho hawakuwa nacho nyumbani.

Jibu langu ni utulivu.

Rakim alipotoa albamu ya Paid in Full pamoja na DJ wake Eric B. mwaka 1987, marapa wengi waliokuwa wakisikika walichana kwa sauti ya kuhamasisha umati, na vina vyao vilitua mwishoni mwa mstari, vikisubiriwa na kila msikilizaji. Yeye alikuja na sauti ya chini, isiyopanda wala kuharakisha, akavipanda vina katikati ya mstari na kuiacha sentensi ivuke mpaka wa mstari mmoja kwenda mwingine, kama mpiga saksafoni anayeamua mwenyewe pa kuvuta pumzi. Mfano huo si wa bahati, kwa sababu saksafoni aliipiga tangu utotoni na mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi jazi ilivyomfundisha kupanga maneno.

Sasa mweke mtu huyo ndani ya wimbo huu. Una urefu wa karibu dakika sita, jambo ambalo si la kawaida kwa singo. Unafunguka kwa ala tupu kwa zaidi ya dakika moja, gitaa la Brad Delson likiwa mbele na dramu za Rob Bourdon zikikimbia kwa nguvu ambayo hatukuwa tumeisikia kwao kwa miaka kadhaa. Chester anapoingia, anaingia juu, na kiitikio kinapanda juu zaidi. Ifikapo zaidi ya nusu ya wimbo, msikilizaji amekwisha kuzoea ukali kiasi kwamba ukali wenyewe umeanza kupoteza makali. Hapo ndipo mdundo unapobadili mwendo, magitaa yanaacha kumwagika na kuanza kukatakata, na Rakim anaanza kuzungumza bila kupandisha sauti hata kidogo.

Mara ya kwanza niliposikia sehemu hiyo nilikuwa na visikilizio masikioni, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuongeza sauti. Sikuhitaji kuongeza, kwa maana maneno yalikuwa yanasikika vizuri kabisa. Nadhani mwili wangu ulikuwa umejiandaa kupigiwa kelele, na alipokuja mtu anayesema taratibu, nikasogea mbele ili nimsikie. Ubeti unamfanya msikilizaji asogee, wakati sehemu nyingine zote za wimbo zinamsukuma nyuma.

Lipo pia suala la maneno yenyewe. Chester anamshutumu mtu fulani bila kumtaja. Kuna "wewe" ndani ya wimbo, lakini "wewe" huyo anaweza kuwa yeyote, kuanzia mpenzi na rafiki hadi kiongozi. Rakim ndiye anayeleta mabosi, kampuni, fedha chafu na watu wasiosutwa na dhamiri, na anavikokota vina vyake hatua kwa hatua mpaka vinatua kwenye neno la hatia, lile lile lililobeba jina la wimbo. Baada ya hapo kiitikio kinaporudi, maneno ni yale yale, lakini sasa tunajua nani yuko kizimbani. Ukikata ubeti huo, unabaki na hasira iliyopigwa vizuri sana lakini isiyo na anwani.

Nakaribisha michango, hasa kutoka kwa wanaoona tofauti.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika kwa upendo na nimekusoma hadi mwisho, lakini sikubaliani nawe katika jambo la msingi. Mimi nauhesabu ubeti ule kuwa ndio udhaifu mkubwa wa wimbo. Kwa dakika tatu na zaidi bendi imejenga mbio, kila chombo kinasukuma kingine, kisha ghafla wanasimamisha gari ili abiria mashuhuri apande. Unachokiita utulivu, mimi nakisikia kama kupungua kwa moto.

Jambo la pili ni kwamba ushirikishaji wa aina hii mara nyingi hutokana na haja ya heshima. Bendi iliyokuwa imelaumiwa na mashabiki wake wa zamani kwa kulainika inatafuta jina ambalo hakuna mtu wa hip hop anayeweza kulidharau, na jina hilo linawekwa kwenye singo ya kwanza ili lionekane. Simlaumu Rakim, maana alifanya kazi yake kwa ustadi. Ninachosema ni kwamba wimbo wenyewe haukumhitaji.

Mleta uzi

Nashukuru kwa kunipinga kwa hoja, mkuu. Kuhusu heshima, sitakukatalia moja kwa moja, kwa sababu hakuna bendi inayochagua jina kubwa bila kujua kwamba ni kubwa. Lakini kama lengo lingekuwa jina pekee, wangechagua rapa aliyekuwa akitamba redioni mwaka ule. Mwaka 2014 Rakim alikuwa na umri wa miaka 46, na ilikuwa imepita miaka 27 tangu Paid in Full. Shabiki wa Linkin Park mwenye umri wa miaka kumi na sita hakuwa na sababu ya kumjua. Na kwa mashabiki waliokuwa wakilalamika kwamba magitaa yamepotea, jina la rapa mkongwe si kitu ambacho kingewatuliza.

Kuhusu gari kusimamishwa, nadhani sote wawili tunasikia tukio moja na kulipa majina tofauti. Mwendo unapungua kweli. Lakini wimbo mzito unaokwenda kwa kasi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho haubaki mzito, kwa sababu sikio hupima uzito kwa kulinganisha.

Mchangiaji wa pili

Naomba niingie kwa upande wa mitambo, kwa kuwa kazi yangu ni kuchanganya sauti na nimewahi kuumizwa na tatizo hili.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa wimbo wa bendi yenye magitaa mawili mazito na rapa mgeni. Walirekodi kila kitu vizuri. Rapa alikuwa hodari na alitamka wazi, na nilipomsikiliza peke yake hakuna neno lililonipita. Nilipoyafungulia magitaa, akageuka mtu anayezungumza nyuma ya ukuta. Nilisikia kwamba kuna mtu, nikasikia hata hisia zake, lakini maneno yalikuwa yamekufa. Nikampandisha sauti, akawa anaelea juu ya muziki kama tangazo la stesheni. Nikamshusha, akazama tena. Nilikaa siku mbili kabla sijakubali kwamba kosa halikuwa la rapa wala la maikrofoni. Mpangilio wa wimbo haukumwachia nafasi.

Sababu yake ni hii. Mwimbaji wa roki anategemea zaidi irabu. Anaishika sauti na kuivuta, na irabu ndefu hupenya magitaa hata kama herufi nyingine zimepotea kidogo. Rapa anategemea konsonanti, yaani mipigo mifupi ya t, k, p, s na ch, ambayo kwake ni kama ngoma ya pili. Sehemu kubwa ya wazi wa konsonanti hizo iko kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000 hivi, na gitaa la umeme lililokolezwa mkwaruzo limejaa tele eneo hilo hilo. Mpigaji anaposhikilia kodi moja (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ikalia mfululizo, eneo hilo halibaki na tundu hata moja, na konsonanti za rapa hazina pa kutokea.

Zipo njia za mafundi. Mtu anaweza kuyapunguza magitaa eneo hilo, kuyasukuma kushoto na kulia ili katikati pabaki pa sauti, au kurekodi sauti ya rapa mara mbili na kuzilaza pamoja. Zote zinasaidia, lakini hakuna inayoshinda dawa rahisi kabisa, ambayo ni mpigaji gitaa kuziba nyuzi kwa kiganja na kupiga vipande vifupi vyenye ukimya kati yake. Kila ukimya ni mlango ambao neno linaweza kupitia. Mleta uzi alisema kwamba magitaa yanaacha kumwagika na kuanza kukatakata Rakim anapoingia. Huo ndio uamuzi wenyewe, na haufanywi na mchanganyaji sauti mwishoni. Unafanywa na watunzi wanapopanga wimbo. Ndiyo maana nakubaliana naye kwamba nafasi ya mgeni ilijengwa mapema, bila kusubiri mezani kwangu mimi au kwa fundi mwingine.

Niongeze jambo moja la mwendo. Dramu zinazokimbia mapigo 160 kwa dakika humpa rapa chaguo mbili, aidha azifukuze, au azihesabu kama 80 na kutembea juu yake. Marapa wengi wageni kwenye nyimbo nzito huzifukuza, kwa hofu kwamba wakitulia wataonekana wameshindwa. Anayethubutu kutembea hupata uzito mkubwa zaidi, kwa sababu kila neno lake linapata muda wa kukanyaga.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, maelezo ya fundi yamenifurahisha, na nadhani historia inayaunga mkono.

Kundi la hip hop Run-DMC na bendi ya roki Aerosmith walipoirudia "Walk This Way" mwaka 1986, kilichowavuta vijana watatu wa Run-DMC kwenye rekodi ya Aerosmith ya 1975 tangu awali kilikuwa dramu za mwanzo, kabla gitaa halijajaza chumba. Walikuwa wakizirudiarudia na kuchana juu yake hata kabla ya kuifahamu vizuri bendi yenyewe. Mtayarishaji Rick Rubin ndiye aliyesukuma wimbo mzima urudiwe, akawaleta mwimbaji Steven Tyler na mpiga gitaa Joe Perry wa Aerosmith studio, na matoleo yote mawili yakaishi vizuri: la Aerosmith lilifika nafasi ya 10 kwenye chati ya Billboard Hot 100, na la pamoja likafika nafasi ya 4. Mtazameni Joe Perry kwa sikio la fundi wetu. Kipande chake cha gitaa ni kifupi, kinauma na kuachia, kisha kinakaa kimya. Kilikuwa na milango tayari.

Mwaka 1991 bendi ya metali Anthrax na kundi la hip hop Public Enemy waliirudia "Bring the Noise" pamoja, kisha wakafanya ziara pamoja. Hapo hapakuwa na mgeni wa kutafutwa kwa ajili ya heshima, kwa sababu Chuck D, rapa wa Public Enemy, alikuwa amelitaja jina la Anthrax ndani ya wimbo huo tangu toleo la kwanza, na Scott Ian, mpiga gitaa wa Anthrax, alikuwa akivaa fulana za Public Enemy jukwaani. Kujuana kwao kunasikika. Wanashambulia kwa pamoja na hakuna anayempisha mwenzake kwa adabu, na wimbo unasimama kwa sababu sauti ya Chuck D ni ya kengele, inapasua chochote. Ukimweka Rakim pale, angezama.

Kisha ikaja albamu ya muziki wa filamu ya Judgment Night mwaka 1993, nyimbo kumi na moja, kila moja ikiunganisha bendi ya roki na watu wa hip hop. Slayer walikutanishwa na Ice-T, Biohazard na Onyx, Faith No More na Boo-Yaa T.R.I.B.E., Helmet na House of Pain. Nimeitaja kwa sababu ya uzi unaopita hadi kwenye mada yetu. Page Hamilton wa Helmet aliyekuwa kwenye majaribio yale ni mgeni pia kwenye The Hunting Party, pamoja na Daron Malakian wa System of a Down na Tom Morello wa Rage Against the Machine. Kwa maoni yangu Linkin Park hawakualika watu ovyo. Waliwaalika wale waliotangulia kupita njia ambayo wao walikuja kuikuta imelimwa.

Kingine ambacho sijaona kikisemwa ni kwamba Rick Rubin yule yule wa 1986 ndiye aliyeshirikiana nao kutayarisha albamu tatu zilizotangulia, kuanzia Minutes to Midnight ya 2007. The Hunting Party waliitayarisha Shinoda na Delson wenyewe, bila yeye. Na singo ya kwanza waliyoitoa baada ya kusimama peke yao ilikuwa wimbo mzito wa magitaa wenye rapa wa kizazi kile kile cha miaka ya themanini. Naliona hilo kuwa jambo la kutafakari.

Mchangiaji wa kwanza

Nimesoma yote kwa makini. Kwa upande wa sauti fundi amenishawishi, na nitakubali kwamba nafasi ya Rakim ilipangwa. Lakini mfano wa Anthrax umenipa hoja yenye nguvu zaidi kuliko ile niliyoanza nayo.

Kwenye "Bring the Noise" watu wanakutana. Kwenye "Children of the Korn" ya bendi ya Korn ya 1998, rapa mgeni Ice Cube na mwimbaji wa bendi Jonathan Davis wanagawana wimbo, na unasikia kabisa kwamba mmoja anamjibu mwingine kuhusu jambo moja. Hapa Chester na Rakim hawakutani hata sekunde moja. Mmoja anamaliza, mwingine anaanza, kisha wa kwanza anarudi. Hakuna mstari wa Rakim unaodakwa na Chester, hakuna sauti mbili juu ya kipande kimoja. Mgeni akipewa chumba kizuri lakini mwenye nyumba asiingie kuzungumza naye, je, huo ni ukaribishaji? Kwangu ushirikishaji wa kweli ni pale ambapo kila mmoja anabadilika kidogo kwa sababu ya mwenzake. Rakim hakubadilika, na Chester hakubadilika.

Mleta uzi

Mkuu, hili la sasa ni zito kuliko la mwanzo na nimelazimika kuusikiliza wimbo tena mara tatu kabla ya kujibu.

Unasema kweli kwamba sauti zao hazikutani. Ningependa zingekutana. Ningetoa mengi kumsikia Chester akiushika mkia wa ubeti ule, hata kwa neno moja tu, na tangu Julai 2017 alipotutoka, hamu hiyo imekuwa aina nyingine kabisa ya huzuni. Kwa hiyo sitautetea wimbo kwa kudai kwamba kuna mazungumzo ambayo hayapo.

Lakini siwezi kukubali kwamba hakuna aliyebadilika. Aliyebadilika ni bendi. Dramu za Bourdon zilizokuwa zikikimbia zilitembea. Delson, aliyekuwa amepewa dakika nzima ya kutamba mwanzoni, aliziba nyuzi ili neno lipite. Na Shinoda, ambaye nafasi ile ingekuwa yake kwenye wimbo mwingine wowote wa bendi hii, alinyamaza. Kwa Korn, Davis alibaki na nafasi yake na Ice Cube akaongezewa ya kwake. Hapa mtu alitoa nafasi yake mwenyewe, na tena kwenye singo ya kwanza ya albamu aliyoitayarisha kwa mikono yake. Mwaka 1987 Shinoda alikuwa mtoto wa miaka kumi. Sijui kama kuna namna kubwa zaidi ya mwanafunzi kumwonyesha mwalimu heshima kuliko kumpa ubeti ambao wasikilizaji wote walitarajia uwe wa mwanafunzi.

Nakuomba usikilize kitu kimoja tu, kisha uniambie umesikia nini. Usiutazame ubeti wenyewe. Anza pale Rakim anapomalizia mstari wake wa mwisho, wakati sauti yake bado ni ile ile ya chini, na uyafuatilie magitaa yanavyorudi. Nimeyasikiliza kwa visikilizio na kwa spika, na kila mara nayasikia makubwa kuliko yalivyokuwa mwanzoni, ingawa sidhani kama kuna aliyeyapandisha.